FUNDI WA KODI ANAJIBU: Majina nimeyaharibu mwenyewe, sasa nabadilishaje?

(Kodi za kompyuta jamani, yaani maandishi ya programu, sio za TRA. Kila wiki kuna mtu ananiletea swali la EFD, zile mashine za risiti.)

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Moshi, Majengo. Nna kilaibrari changu cha Python (kodi ambayo wengine wanaichukua kutumia kwenye programu zao) nilikiweka wazi GitHub, ule mtandao wa kuhifadhi kodi, miaka minne iliyopita, kinageuza saa za kompyuta ziwe saa zetu, yaani ukiipa 13:00 inakurudishia saa saba mchana, na pia kinaandika hela kwa maneno kama kwenye risiti, "shilingi elfu arobaini na tano tu". Shida ni majina ya fankisheni, vile vipande vya kodi unavyoviita kwa jina, kipindi naanza nilikuwa nabandika tu linalokuja kichwani, kuna saaYaKiswahili, kuna hela_kwa_maneno, kuna GetTarehe. Juzi kijana mmoja simjui kaniletea mabadiliko, kayageuza yote yawe herufi ndogo na mstari wa chini, ya zamani kayafuta. Kazi yake safi mpaka nimeona aibu. Ila wanaotumia nnawajua watatu na mmoja kaiweka kwenye mfumo wa saccos. Nikubali au nimkatalie? – Mdau, Majengo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kubali majina mapya, kataa hapo alipofuta ya zamani. Ndo jibu lote, ila ngoja nikueleze maana najua ukitoka hapa utaenda kubonyeza kitufe saa hiyohiyo.

Kwanza hao watatu ni unaowajua wewe. Kitu ukishakiweka wazi hakina daftari la wateja, kuna mtu alikichukua mwaka juzi akakiweka kwenye mashine ya risiti akaondoka zake, hajui hata jina lako, na siku akiapudeti ndo atakujua, tena vibaya. Mfumo wa saccos ukigoma siku ya marejesho hakuna atakayesema "aah ila majina yamependeza".

We si unapanda gari la Arusha hapo stendi? Mwambie konda unashuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, atakushusha njia panda bila swali. Tiketi ya mzungu aliyekaa pembeni yako imeandikwa JRO. Uwanja ni mmoja, majina mawili, na hakuna aliyewahi kuachwa na ndege kwa sababu hiyo. Fanya hivyohivyo: kazi yote iwe ndani ya saa_ya_kiswahili, halafu saaYaKiswahili iendelee kuwepo ila ndani yake isiwe na kitu zaidi ya kuiita ile mpya na kutoa onyo. Usikopi kodi ukawa nayo sehemu mbili, utarekebisha kosa huku ukasahau kule, nakuapia.

Sasa kwenye onyo hapo wengi wanapotea. Python ina warnings.warn, unaipa ujumbe ("tumia saa_ya_kiswahili, hili la zamani litaondoka toleo la 2.0") na aina ya onyo. Watu wanaweka DeprecationWarning, onyo la kitu kinachostaafu, wanalala usingizi, kumbe hiyo kwa kawaida Python inaificha, inaonekana tu kama kodi iliyoita ipo kwenye ile faili yenyewe unayoirani, au ukirani majaribio kwa pytest, kile chombo cha kujaribia kodi. Kwa hiyo anza nayo, inawafikia mafundi wenzio bila kumtisha karani wa saccos, halafu ukikaribia kufuta kabisa hamia FutureWarning, hiyo inaonekana na kila mtu. Na usisahau kuandika stacklevel=2, bila hiyo onyo linaonyesha mstari wa ndani ya laibrari yako badala ya mstari wa yule aliyekosea, mtu anabaki anakodolea macho kodi ambayo hata sio yake.

Mambo mawili huyo kijana wako hajayafikiria, nimecheki vile vipande ulivyonitumia. Moja, kabadili mpaka majina ya vitu unavyoipa fankisheni, pale palipokuwa "muda" kaweka "wakati". Kwenye Python hiyo inavunja vilevile, maana kuna mtu ameandika muda=... kwa jina. Mwambie arudishe, "muda" lilikuwa na kosa gani? Pili, una klasi pale ya risiti (fungu la fankisheni zinazokaa pamoja), na kama kuna mtu kairithi, yaani kajenga ya kwake juu ya yako, akaandika upya GetTarehe yake mwenyewe, laibrari yako mpya itaita get_tarehe na ile ya kwake haitaguswa, hakuna kosa, hakuna onyo, tarehe tu zinatoka tofauti. Hii ndo mbaya kuliko zote kwa sababu haipigi kelele. Kwa klasi nenda taratibu, ikibidi acha jina la zamani mpaka 2.0.

Na 2.0 iwe 2.0 kweli. Tarakimu ya kwanza ikipanda ndo unawaambia watu kuna kitu kitavunjika, kwa hiyo majina mapya pamoja na maonyo yaingie kwenye 1.x, yaani matoleo ya kabla ya 2.0, kufuta kuje kwenye 2.0. Muda gani katikati? Mi ningekaa mwaka mzima au zaidi, kukaa na mistari mitatu ya ziada hakukugharimu hata vocha. Beautiful Soup, laibrari ya Python ya kusoma kurasa za wavuti, walibadili findAll kuwa find_all kwenye toleo la 4 mwaka 2012 na findAll wakaiacha inafanya kazi zaidi ya miaka kumi. Python wenyewe assertEquals, fankisheni ya kwenye majaribio, waliitangaza kustaafu miaka na miaka, wakaiondoa 3.12 Oktoba 2023, na bado kuna watu majaribio yao yalikatika wakashangaa kama vile hawajaambiwa. Watu hawasomi maonyo. Wewe unasoma?

Huyo kijana mshukuru kwanza kabla ya kumpa marekebisho, mtu kukaa kupanga majina ya mwenzie bila kulipwa sio kitu kidogo.

SWALI: Fundi mambo, hivi fankisheni tuandike kwa Kiswahili au Kiingereza? – Dada wa Sakina, Arusha

JIBU: Poa dada. PEP 8, ule mwongozo wa uandishi wa Python, unaomba maelezo ndani ya kodi yawe Kiingereza isipokuwa una uhakika asilimia 120 haitasomwa na asiyejua lugha yako. Mi naona kitu cha saa za Kiswahili anayekihitaji anajua Kiswahili, andika tu. Nisichokitaka ni GetTarehe, nusu huku nusu kule, kesho utasahau kama uliandika GetTarehe au PataDate.

SWALI: Mbona Python wanatuambia majina tuyatenganishe kwa mstari wa chini halafu wao kwenye logging wana getLogger? – Chalii wa Kijenge

JIBU: Hahaha umewakamata. Ile logging, sehemu ya Python ya kuandika kumbukumbu za programu, iliingia Python 2.3 mwaka 2003, PEP 8 ilishakuwepo tangu 2001, ila umbo lake lilifuata log4j, laibrari ya kazi hiyohiyo ya lugha ya Java, na Java ndo wanaandika hivyo. Walipokuja kushtuka dunia nzima ilishaandika getLogger, na PEP 8 yenyewe inaruhusu mtindo huo pale ulipokwisha kuzoeleka, ili kodi za zamani zisivunjike. Threading, sehemu ya kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja, ndo waliipa majina mapya, currentThread ikawa current_thread kuanzia 2.6, la zamani likaachwa liendelee kufanya kazi. Logging hawajaigusa.