Kabla ya kumuuliza mbwa, soma maandishi

Wanaojua kwamba napenda picha za watu zilizochapwa Ulaya enzi za Renaissance (karne ya 15 na 16 hivi) huniuliza swali lilelile: "Huyu mnyama hapa ana maana gani?" Mimi husema mwacheni kwanza mnyama. Shukeni chini ya picha, msome maandishi.

Mfano mzuri ni picha ambayo Hendrick Goltzius, msanii wa Uholanzi, aliichonga kwenye bamba la shaba mwaka 1597. Mtoto Frederik de Vries, ndege mkononi, anataka kumpanda mbwa mkubwa, kama mtu apandavyo farasi. Ukikurupuka utasema mbwa ni uaminifu, basi. Lakini Kilatini cha chini kinaitunuku picha kwa Dirck de Vries, baba wa mtoto, mchoraji aliyekuwa Venice: kwa ajili ya urafiki, na ili amwone mwanawe aliye mbali. Mtoto alikuwa chini ya uangalizi wa Goltzius, na mbwa ni wa Goltzius mwenyewe! Kumbe uaminifu unaosemwa ni wa mlezi kwa rafiki yake. Kuza picha kwenye manyoya ya huyo mbwa uone mistari inavyonenepa na kukonda. Aliyeichonga aliungua mkono wa kulia utotoni, ukabaki na ulemavu, na ndio huo aliofanyia kazi.

Halafu, hadithi za bibi ziweke kando. Sungura kwetu ni mjanja. Kwa Albrecht Dürer, msanii wa Ujerumani, katika "Adamu na Hawa" ya 1504 (si picha ya mtu halisi, ila ni shule nzuri), wanyama husimama kwa tabia za watu, ambazo zamani ziliaminika kutokana na majimaji ya mwili. Sungura ni damu: watu wachangamfu, wenye tamaa za mwili. Paka ni nyongo: watu wa hasira, na pale anakaa karibu na panya bila kumgusa, kwa kuwa tunda bado halijaliwa.

Wapo pia viumbe ambao hakuna aliyewafuga. Mwaka 1596 Crispijn de Passe alimchonga Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza kati ya nguzo mbili, moja ina mwari (yule ndege mkubwa wa majini), nyingine feniksi, ndege wa hadithi. Mwari aliaminika kujitoboa kifua awalishe makinda damu yake. Wa Ziwa Nakuru hawana habari hiyo. Mwari huyo wa pichani ndiye malkia kama mama wa taifa. Feniksi husemwa kuwa mmoja tu, hana mwenzi, na Elizabeth hakuolewa.

Simba kwenye ngao ni suala jingine: hiyo ni nembo ya ukoo, basi hapo tafuta ukoo. Kwa mazoezi, ingia tovuti ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam. Picha zake kubwa hupakuliwa bure. Anza na Goltzius.