Umegawa vitabu. Sasa utajuaje kama vinasomwa?

Mwaka wa kwanza tulipogawa vitabu vya hadithi kwenye shule moja ya msingi huku Temeke, nilirudi baada ya mwezi, nikasimama mbele ya darasa la tatu nikauliza, "Mnasoma vitabu vyenu?" Darasa zima likaitika, "Ndiyo madaaam!" Nikaandika ripoti kwamba watoto wanasoma. Wafadhili, yaani wenzangu wa kikoba tuliochangishana, wakafurahi sana. Wiki hiyohiyo nikapita nyumbani kwa mtoto mmoja nikakikuta kitabu chake juu ya kabati, kimeviringishwa kwenye kipande cha khanga na kufungwa fundo. Mama yake alikificha wadogo zake wasije wakakichana. "Kizuri mno hiki, dada. Nitampa akikua kidogo."

Basi kama nawe uko mbioni kuchangisha vitabu, ushauri wangu wa kwanza ni huu: mtoto usimwulize kama anasoma. Atakujibu unachotaka kusikia, maana kalelewa hivyo. Mwambie akuletee kitabu ukione. Kitabu kinachosomwa kina kona zilizokunjamana, kina alama ya kidole chenye mafuta ya mandazi, na jina la mwenyewe limeandikwa kwa peni ya bluu mara tatu, moja likiwa juu ya picha. Kikija kinang'aa, ongea na mzazi kabla ya kumlaumu mtoto. Siku hizi siku ya kugawa tunawaita wazazi na kuwaambia wazi: kikichanika hakuna atakayedaiwa. Nimeona sentensi hiyo ikishusha vitabu vingi kutoka juu ya makabati.

Uchakavu pekee hautoshi, lakini. Kuna binti alinisomea kitabu chake kuanzia jalada hadi mwisho bila kukwama. Nikaanza kumpongeza, halafu nikagundua anafungua ukurasa akiwa ameshamaliza kuusema. Nikaweka kiganja changu juu ya mstari. Akaendelea tu, vizuri kabisa, macho yakiwa kwenye mkono wangu. Alikuwa amekikariri chote. Sisemi ni vibaya. Mtoto aliyekariri kitabu kizima kakifungua mara nyingi, na hilo nalo ni jambo. Ila ukitaka kujua kama kusoma kwenyewe kumekua, mpe hadithi ambayo hajawahi kuiona.

Hapo niliiga kwa watu wa Uwezo, shirika linalopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, ambao walianza kupima watoto hapa nchini mwaka 2010. Wao humfuata mtoto nyumbani, wakampandisha ngazi kwa ngazi, na ngazi ya juu ni hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Nyumbani, kwenye mkeka, hakuna mwalimu mwenye fimbo anayechungulia, na hata watoto watoro unawapata. Saa ya kuhesabu maneno kwa dakika nimeiacha, maana watoto waliifanya mashindano ya mbio. Kiswahili chetu kinatamkwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto anaweza kukimbia mstari mzima asielewe hata tone. Muulize, "Kwa nini sungura alirudi?" Akikwama, umepata jibu lako.

Vitabu vyenyewe navyo vichagueni kwa akili. Kuna utafiti wa Glewwe, Kremer na Moulin, uliochapishwa 2009, kuhusu shule za vijijini magharibi mwa Kenya zilizopewa vitabu vya kiada. Alama za wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wanafanya vizuri tangu mwanzo, maana vitabu vilikuwa vya Kiingereza na wengi hawakuvimudu. Nikiona watu wanashusha maboksi ya hadithi za Kiingereza kwenye shule zetu za Kiswahili, huwa naukumbuka utafiti huo na kunyamaza kwa heshima. Nunueni vya Kiswahili, hata kama vitakuwa vichache.

Na mtoto achague mwenyewe. Kule Florida, Marekani, Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwaachia watoto wa familia maskini wachague vitabu 12 kila likizo ndefu, kwa miaka mitatu mfululizo. Matokeo yalichapishwa 2010: waliopewa walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa kusoma kuliko wenzao ambao hawakupewa. Likizo ndiyo penyewe. Shule ikifungwa Desemba, kabati la vitabu nalo linafungwa, na mtoto wa chumba kimoja cha kupanga anabaki na televisheni ya jirani. Sisi sasa tunagawa wiki ya kufunga shule na kupima tena Januari.

Umeona lile neno "wenzao". Mtoto wa darasa la tatu akikaa miezi sita atasoma vizuri zaidi hata usipompa kitu, kwa hiyo lazima uwe na wa kumlinganisha naye. Sisi tulipiga kura kwa vikaratasi kwenye kofia ya mlinzi: mkondo A wapate vitabu kwanza, mkondo B wasubiri muhula mmoja. Nilijiona mtafiti kamili. Muhula ulipoisha nikapima mikondo yote miwili, nikakuta watoto wa B nao wanazijua hadithi zetu, tena kwa majina ya wahusika. Hesabu yangu yote ikawa imeharibika.

Nikamshika mmoja, kimetokea nini? Akanionyesha rafiki yake wa A, ambaye alikuwa na daftari dogo mfukoni lenye majina na siku. Nilipomuuliza kama anaazimisha kitabu nilichompa, akanitazama kama mfanyabiashara aliyetembelewa na TRA.

"Siku mbili, ubuyu wa mia," akasema. "Akikichana, ananilipa daftari jipya."