Kiuno kinauma kwa miezi na hutaki kuacha vyuma: ninavyokwenda nacho

Mkuu, umeuliza kama uachane kabisa na mazoezi ya kunyanyua vyuma. Kiuno kinakusumbua kwa miezi sasa, majibu ya MRI (picha ya ndani ya mwili) yanasema diski moja (mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo) imetokeza kidogo, na kila ukipumzika wiki mbili tatu ukarudi kwenye skwati (kuchuchumaa na chuma) na dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni), maumivu yanakupokea palepale ulipoyaacha. Ninavyoona mimi, usiache, ila achana na huo mtindo wa kupumzika na kurudi. Nina kiuno cha aina hiyo kwa miaka mingi na bado nanyanyua.

Kwanza jichunguze. Kama una ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa, kama mkojo unagoma kutoka au unakutoka wenyewe, kama mguu unazidi kukosa nguvu, acha kusoma hapa uende hospitali leo hii. Mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo ikibanwa namna hiyo, kila saa ina thamani. Vilevile homa isiyoeleweka, kukonda bila sababu, kuwahi kuugua saratani, au maumivu yaliyoanza baada ya ajali au kuanguka: hayo mpelekee daktari kabla ya kugusa chuma chochote. Ninayoyaandika ni ya kiuno kisicho na dalili hizo, na watu wengi wenye maumivu ya kiuno wako kundi hilo.

Najua hiyo ripoti ya MRI imekutia hofu. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2015 yalikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye umri wa miaka 20, karibu 30 katika kila 100 walikuwa na diski iliyotokeza. Kwa wenye miaka 80 walikuwa 84 katika 100. Kwa hiyo diski yako inaweza kuwa ndiyo inayouma, na inaweza pia kuwa ilikuwa hivyo miaka mingi kabla hujasikia chochote. Hata ile inayopasuka kabisa, mara nyingi mwili wenyewe huinyonya taratibu sehemu iliyotoka nje. Na kama unadhani mgongo usio kamili haubebi, msome Lamar Gant wa Marekani. Uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda vibaya tangu ujanani, na mwaka 1985 alinyanyua dedilifti ya kilo 300 hivi akiwa na uzito wa kilo 60 hivi. Sikuambii ukamwige, nakuambia tu picha haitoi hukumu.

Kwa nini kupumzika hakukusaidii? Ukikaa wiki tatu bila kubeba kitu, maumivu yanatulia, ni kweli. Lakini misuli ya mgongo na makalio nayo inapungua uwezo. Siku unarudi unaweka uzito uleule wa mwanzo juu ya kiuno ambacho sasa kinamudu kidogo zaidi. Kinagoma, unapumzika tena, na kila mzunguko unakuacha chini kuliko ulipoanzia. Kinachotakiwa ni kutafuta kiasi ambacho kiuno kinakimudu leo, uanzie hapo, usikatishe.

Kiasi hicho nakipima asubuhi inayofuata. Wakati wa zoezi nakubali maumivu ya 3 katika kipimo cha 0 hadi 10, mradi yasipande seti kwa seti na yasishuke mguuni. Lakini hukumu yenyewe inatolewa kesho yake, nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda navaa soksi. Naangalia mkono unafika wapi kabla kiuno hakijakaza: gotini, katikati ya muundi, au vidoleni. Kama ni sawa na jana, dozi ilikuwa sahihi. Kama naishia pale ambapo jana nilipita, nilizidisha, na mazoezi yanayofuata napunguza kitu kimoja tu. Naanza na idadi ya seti, ikishindikana napunguza urefu wa mwendo, mwisho kabisa ndiyo uzito. Ukipunguza vyote kwa pamoja hutajua kilichokuwa kinakuumiza.

Tuje kwenye dedilifti, maana ndiyo inayokutisha. Usiifute, iinue. Weka chuma juu ya vitalu au kwenye fremu, kiwe chini kidogo ya magoti, ambapo huhitaji kuinama sana kukifikia. Kabla ya hapo chukua fimbo ndefu, ishike wima mgongoni iguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa ulio juu ya makalio. Sukuma makalio nyuma kama unayetaka kugusa ukuta, magoti yakunjike kidogo tu. Fimbo ikiachana na sehemu mojawapo, hapo ndipo kiuno kimeanza kufanya kazi ya nyonga. Wengi huachana nayo mapema kuliko wanavyodhani, na wanashangaa wakijirekodi kwa simu. Ukishaweza kuinama hivyo bila fimbo, beba chuma kutoka kwenye vitalu, na soksi zikikuruhusu kwa wiki kadhaa mfululizo, shusha vitalu kwa urefu wa vidole vichache. Mwaka huohuo wa 2015 watafiti wa Sweden walichapisha kazi ambapo wagonjwa wa kiuno walifundishwa dedilifti, na waliofaidika zaidi ni wale ambao maumivu yao hayakuwa makali na misuli ya mgongo ilishakuwa na ustahimilivu. Ndiyo maana nasisitiza uanzie juu, usikimbilie sakafuni.

Skwati nayo, jirekodi kutoka ubavuni. Kuna kina fulani ambapo makalio yanajikunja kwa ndani na kiuno kinapinda. Simama kabla ya hapo, hata kama wenzako wanakuambia hujafika chini. Kushika dambeli kifuani au kuweka chuma mbele ya mabega kunamlazimisha mtu asimame wima zaidi, na viuno vingi vinapenda hivyo. Skwati ya mguu mmoja, ule wa nyuma ukiwa juu ya benchi, inachosha mapaja kwa uzito mdogo sana mgongoni.

Kuna jambo ambalo naona watu hawalihesabu. Dedilifti inatumia kiuno. Skwati inatumia kiuno. Kuvuta chuma ukiwa umeinama kunatumia kiuno dakika nzima bila kupumzika, na kusukuma chuma juu ya kichwa ukiwa umesimama kunakitumia pia. Mtu anapanga ratiba yake akiamini ana siku ya miguu, siku ya mgongo na siku ya mabega, kumbe kwa kiuno siku zote tatu ni siku ya kiuno. Mimi zoezi la kuvuta nalifanya nimelala kifudifudi kwenye benchi la mwinamo, la mabega nimeketi na kuegemea. Badiliko hilo peke yake lilinipa nafasi ya kuendelea na dedilifti. Chora wiki yako kwenye karatasi uone kiuno kinaitwa kazini mara ngapi.

Kwa kupasha mwili natumia mazoezi matatu yaliyoenezwa na Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada: kuinua kichwa na mabega kidogo ukiwa chali na mikono chini ya kiuno, planki ya ubavu (kujiinua ubavuni kwa kiwiko, mwili umenyooka), na ile ya kupiga magoti na viganja chini kisha kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Shikilia sekunde kama 10, legeza, rudia. Hayaponyi diski. Yanakukumbusha kukaza tumbo pande zote kabla chuma hakijaondoka chini, basi.

Usibebe vizito saa ya kwanza baada ya kuamka. Usiku diski hufyonza maji na kuvimba, na kuinama asubuhi kunazibana zaidi. Utafiti wa mwaka 1998 uliona watu walioepuka kuinama asubuhi na mapema wakipungukiwa na maumivu.

Umeuliza pia kuhusu mkanda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haupendekezi mikanda ya kuvaa ili kutibu maumivu sugu ya kiuno, na unahimiza mazoezi. Mkanda wa kunyanyulia ni habari nyingine: unausukumia tumbo kwa seti nzito, kisha unavua. Dawa ya maumivu kabla ya mazoezi siishauri, inakuzibia masikio usisikie kiuno kinasema nini.

Siku kikikaza ghafla, na siku hiyo itakuja, usilale kitandani kutwa. Tembea, hata kama ni polepole. Siku mbili tatu baadaye rudia zoezi lilelile kwa uzito mwepesi na vitalu virefu.

Kuhusu kurudi kwenye uzito wako wa zamani, kwangu dedilifti ya sakafuni ilirudi, ikichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka. Skwati ya chuma mgongoni niliibadilisha na ya chuma mbele ya mabega, sijairudisha, na mapaja yangu hayajaona tofauti.