Maji kwenye dizeli ya tabo: anza na rejeta

Ndugu, umeuliza kama kunyunyizia maji kwenye hewa inayoingia injini kutaongeza nguvu Prado yako yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE na tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini), maana inachemka ukipanda milima kwenda Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Maji peke yake hayaongezi nguvu. Yanapogeuka mvuke yanakula joto jingi, karibu kilojuli 2,260 kwa kilo, basi moshi wa ekzosi unapoa kidogo na oksaidi za naitrojeni, gesi chafu za moshi, zinapungua. Nguvu huja fundi akiongeza na dizeli, na hapo ndipo hedi (vifuniko vya juu vya injini) zinapopasuka. Hiyo 1KZ ni maarufu kwa ugonjwa huo hata bila kuchokozwa.

Ukishikilia kufunga, nozeli ikae baada ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), itoe ukungu, si matone, na pampu iwake tabo ikishaanza kusukuma tu. Mimi niliwahi kufungiwa vali isiyobana: gari limezimwa, maji yanadondoka tone tone kwenye bomba la hewa. Nisingefungua bomba asubuhi ile kabla ya kuwasha, pistoni ingekuta maji na rodi ingepinda. Maji hayabanwi.

Tumia maji ya betri, yaani yale safi yasiyo na madini, ya bomba yanaacha chokaa. Ila soma chupa vizuri dukani, asidi ya betri nayo huwekwa rafu hiyo hiyo!

Lakini kwanza peleka rejeta ikazibuliwe, na fani ya viskasi (feni inayopoza rejeta) ikaguliwe. Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, utapata vyote hivyo, na utabakiwa na hela ya mafuta ya safari.