Maswali Yenu: Seli Zilizokwama Njiani

*Picha ya MRI imeonyesha kwamba ubongo wa mwanangu wa miezi minane ni laini, hauna mikunjo. Kilitokea nini? (Mama, Kiboroloni, Moshi)*

Pole sana, mama. Seli za neva hazizaliwi mahali zitakapofanyia kazi. Huzaliwa ndani kabisa, kando ya vyumba vya maji vya ubongo, kisha, hasa kati ya mwezi wa 3 na wa 6 wa mimba, hupanda kuelekea gamba la nje zikifuata nyuzi za seli nyingine, kama kiazi kikuu kinavyoupanda mti kihambani. Ili isogee, kila seli hutanguliza mkono mwembamba, halafu hukivuta kiini chake kwa kutumia vijibomba vidogo mno vilivyo ndani yake. Kazi hiyo husimamiwa na protini zitokanazo na jeni kadhaa, zikiwemo LIS1, iliyo katika kromosomu ya 17, na DCX, iliyo katika kromosomu ya X. Mojawapo ikiharibika, seli nyingi hukwama njiani, gamba huwa nene lenye tabaka nne badala ya sita, na mikunjo haijitokezi. Hali hiyo huitwa lisensefali.

*Mwanangu wa kiume ana lisensefali, na wakwe zangu wanasema imetoka katika ukoo wangu. Je, ni kweli? (Msomaji, Ngaramtoni, Arusha)*

Shutuma hii huniuma kila ninapoisikia. Hitilafu ya LIS1 kwa kawaida ni mpya: hutokea wakati yai au mbegu inapoundwa, wala wazazi hawanayo. Ya DCX yaweza kutoka kwa mama, kwa kuwa mvulana ana kromosomu ya X moja tu, ilhali mwanamke anazo mbili, na katika baadhi ya seli zake ile nzima ndiyo inayofanya kazi. Hivyo seli nyingine hufika na nyingine hubaki chini ya gamba kama utepe. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuwa na kifafa, au asijue kabisa kwamba anayo hitilafu. Hakuna aliyechagua jeni zake, na kurithisha si kosa. Kabla ya mimba nyingine, mwombeni daktari ushauri wa jeni, kwani hitilafu ikiwa kwa mama, uwezekano wa kuipitisha ni nusu kwa nusu katika kila mimba.

*Kuna dawa ya kuzirudisha seli hizo mahali pake? (Baba, Usa River)*

Hakuna, kwa sababu safari hiyo hukamilika kabla ya kuzaliwa. Dawa za kifafa hupunguza degedege, na mazoezi ya viungo huzuia misuli kukakamaa. Mtoto alishwe akiwa ameketi wima, maana wengi wao hupaliwa, na dawa zisikatishwe ghafla hata degedege ikitulia.