Bodi 50 za saketi za mashine ya kutotoleshea: utengeneze mwenyewe au utume kiwandani?

Mkuu uliyeko Makambako, umeuliza kama uendelee kutengeneza bodi zako kwa pasi (kuhamishia mchoro kwenye shaba) na feri kloridi (kemikali ya kula shaba isiyotakiwa) au uagize China, maana sasa una oda ya mashine 50 za kutotoleshea vifaranga. Mimi natengeneza vidhibiti joto vya mashine hizo hapa Mbeya. Agiza. Pasi baki nayo kwa bodi ya majaribio, hapo bado haina mpinzani.

Unacholipia kiwandani hasa ni matundu. Nyumbani ukitaka bodi ya pande mbili, kila tundu unapitisha kipande cha waya na kuchomea juu na chini; kwa bodi 50 utazeeka. Kiwandani ubao wa FR4 (nyuzi za kioo na gundi ngumu), kwa kawaida unene wa milimita 1.6, hutobolewa kwanza. Kuta za matundu hupakwa shaba kwa kemikali, kisha hunenepeshwa kwa umeme hadi mikroni 20 hivi (mikroni 1,000 ni milimita 1), na pande mbili zinaungana zenyewe. Mchoro huhamishwa kwa filamu inayoitikia mwanga, shaba isiyotakiwa inaliwa, halafu inakuja ile rangi ya kijani ya kukinga na maandishi meupe. Viwanda vingi vya Shenzhen hupokea hata oda ya bodi 5, na bei ya chini mara nyingi huishia kwenye ukubwa wa milimita 100 kwa 100, kwa hiyo jibane humo.

Lakini kiwanda kinafuata faili za Gerber ulizotuma (michoro ya kila tabaka la bodi), basi. Hakijui njia ipi ya shaba inabeba umeme wa TANESCO na ipi inatoka kwenye kihisi joto. Kazi yako iko hapo, na ndipo mafundi wengi tunaharakisha.

KiCad, programu ya kuchorea bodi, ni ya bure na inatosha kabisa. Anza na mchoro wa saketi, ndipo upange vifaa. Relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), fyuzi na viunganishi vya hita viweke upande mmoja. Kihisi na kidhibiti kidogo (chipu yenye programu) upande wa pili. Kati ya volti 230 na upande wa volti 5 mimi huacha milimita 8, na chini ya relei nachora mwanya ukatwe kabisa, kwa sababu vumbi la manyoya likishika unyevu linapitisha umeme juu ya ubao. Tena kama una wateja Kitulo, juu milimani, kumbuka viwango vya kawaida vya nafasi hizi hewani vinahesabiwa hadi mita 2,000 tu kutoka usawa wa bahari. Kule juu hewa ni nyepesi na cheche inaruka kirahisi zaidi. Ongeza nafasi.

Upana wa njia pia. Shaba ya kawaida ina unene wa mikroni 35. Ampea 1 inapita vizuri kwenye nusu milimita, ila ampea 4 au 5 za hita kubwa zipe milimita 3 na zaidi.

Kabla ya kutuma, chapisha mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi na uchomeke miguu ya relei uliyonayo mkononi. Relei za madukani zinafanana kwa sura, ila miguu yake hailingani.

Kuunganisha vifaa fanya mwenyewe. Chagua rezista za kubandika juu ya bodi za saizi ya 0805 (milimita 2 kwa 1.25 hivi), zinashikika kwa kibano. Agiza stensili (bati lenye matundu ya kupakia) pamoja na bodi, paka risasi ya uji (solda laini ya kupaka), panga vifaa, pasha kwa hewa moto. Relei na viunganishi vifuate mwisho kwa mkono. Solda ya 63/37 (bati asilimia 63, madini ya risasi 37) huyeyuka nyuzi 183, solda isiyo na madini ya risasi hungoja hadi 217 au zaidi, na kwa baridi ya Juni huku kwetu utaona tofauti kwenye eneo lenye shaba pana. Hapo kwenye KiCad acha pedi (vituo vya kuchomea miguu ya vifaa) ziungane na shaba kwa vijinjia vyembamba, zisizame moja kwa moja, la sivyo joto lote linakimbia.

Bodi ikae nje ya chumba cha mayai. Siku 3 za mwisho unyevu unapandishwa makusudi, na hata vanishi haitaivumilia hali hiyo muda mrefu.

Weka picha ya mchoro wako hapa na useme hita ni ya wati ngapi. Ya wati 200 na ya wati 1,000 ni bodi mbili tofauti.