Je, kukatazwa bango la sigara ni kunyimwa uhuru wa kujieleza?

SWALI: Wakili, nina duka la rejareja Machakos. Kampuni inayoniletea sigara ilinipa bango lenye nembo yake nilitundike juu ya mlango. Afisa wa afya ya umma amepita na kuniamuru nilishushe. Sigara si bidhaa haramu, leseni ninalipa, na Katiba inanipa uhuru wa kujieleza. Nikienda mahakamani nitashinda?

JIBU: Ndugu yangu, lishushe bango hilo leo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 imepiga marufuku kutangaza sigara, na nembo juu ya mlango ni tangazo hata kama haina neno "nunua". Kesi unayoiwaza sikushauri uifungue.

Hata hivyo, swali lako ni zito. Wapo wanaoamini kwamba uhuru wa kujieleza ni wa wanasiasa na wanahabari, na tangazo la biashara halimo. Wanakosea. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari au mawazo, na yasiyolindwa yametajwa: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na utetezi wa chuki. Matangazo hayakutajwa humo. Kwa hiyo anayekuzuia kutangaza lazima apitie Kifungu cha 24: awe na sheria mkononi, aonyeshe lengo la maana, na aeleze kwa nini njia nyepesi zaidi haikutosha. Mzigo wa kuthibitisha hayo ni wake, si wako.

Na mzigo huo huwalemea wengine. Sisi mawakili tulikatazwa kabisa kujitangaza kwa miaka mingi. Mwananchi mwenye mgogoro wa shamba hakuwa na njia ya kujua nani anazishughulikia kesi hizo ila kwa kuulizia jamaa na majirani. Mwaka 2012, katika kesi ya Okenyo Omwansa George, Jaji Majanja wa Mahakama Kuu aliamua kwamba katazo hilo la jumla linakwenda kinyume na Katiba. Aliegemea zaidi haki ya mtumiaji kupata taarifa anazohitaji, iliyo katika Kifungu cha 46.

Kifungu hichohicho ndicho kitakachokuangusha wewe. Kinampa mtumiaji haki ya kulindwa afya yake pia, na kinalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Tangazo la wakili humsaidia mtu kuchagua. Nembo ya sigara haimwambii mvutaji lolote asilolijua, ila humzoesha mtoto anayetumwa sukari dukani kwako kuiona kila siku. Isitoshe, Kenya imeridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, nao ni sehemu ya sheria zetu. Kampuni ya sigara ya BAT ilizipinga Kanuni za Tumbaku za 2014 hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa mwaka 2019.

Huenda umesikia kwamba Marekani kampuni hizi hushinda. Ni kweli kwa kiasi. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya huko ilibatilisha kanuni za jimbo la Massachusetts zilizokataza mabango ya tumbaku ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, na matangazo ya dukani yaliyo chini ya futi tano kutoka sakafuni. Kuhusu hizo futi tano, majaji walisema mtoto mfupi anaweza kuinua macho. Lakini katiba yao haina kifungu kinachofanana na 24 wala 46. Afrika Kusini, ambayo katiba yake inakaribiana zaidi na yetu kwa hili, mahakama ya rufaa iliidumisha marufuku ya nchi hiyo ya kutangaza tumbaku mwaka 2012. Naona jaji wa Nairobi atatazama huko kabla ya Washington.

Mwombe afisa akuandikie kifungu cha sheria alichokitumia, uweke karatasi hiyo dukani. Mwambie agenti wa kampuni aje achukue bango lake, na akikupa jingine, ukatae: litakapokamatwa, litakutwa kwenye mlango wako. Bango linaloonya kwamba sigara haziuzwi kwa walio chini ya miaka 18 liache palepale. Na afisa akikukataza kubandika bei za unga na mafuta ya kupikia, niandikie tena. Hapo kesi unayo.